Fremu kwanza, tairi baadaye: kuchagua baiskeli moja ya lami, vumbi na mzigo

Ukitafuta baiskeli moja ya kwenda nayo kazini kwa lami, kupita barabara za vumbi mwisho wa wiki na kubeba kilo 15 za mzigo inapobidi, anza na fremu, si tairi. Tairi lisilokufaa unalibadilisha mwenyewe kwa dakika 20. Nafasi iliyoachwa kati ya mabomba ya fremu itabaki hiyo hiyo mpaka baiskeli iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Nafasi hiyo ipime sehemu tatu: kati ya mabomba mawili ya chini yanayotoka kwenye ekseli ya pedali kwenda gurudumu la nyuma, kwenye kichwa cha uma wa mbele, na kwenye kiungo kilicho juu ya tairi la nyuma. Huhitaji kipimo maalumu. Chukua alenki namba 6 (ufunguo wa pembe sita wenye unene wa milimita 6) uipitishe kati ya bomba na tairi lililojaa upepo, kushoto na kulia. Ikipita bila kugusa, una milimita 6, na hicho ndicho kiwango ninachokikubali kwa barabara zetu. Ikipita namba 4 tu, hiyo ni baiskeli ya lami kavu.

Sababu ni mbili. Spoki moja ya nyuma ikikatika ukiwa na mzigo, ringi inaweza kuyumba milimita 3 au 4, na bado utafika nyumbani mradi tairi halisugui fremu. Ya pili ni matope. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata wakati wa masika, hujaa pale penye wembamba kuliko pote, ukachanganyika na kokoto na kukwangua rangi kama msasa. Kwenye fremu ya kaboni hauishii kwenye rangi, unakula kaboni yenyewe.

Madigadi nayo yanadai nafasi yake. Yachague yaliyo mapana kuliko tairi kwa milimita 10 hivi, na juu ya tairi acha milimita 10 nyingine. Ndiyo maana fremu inayotangazwa kuwa inapokea tairi la milimita 45 mara nyingi huishia 40 ukifunga madigadi. Muulize muuzaji namba zote mbili.

Mahali panapobana zaidi ni nyuma ya ekseli ya pedali. Tairi, sproketi ya mbele na mkono wa pedali vyote vinagombea upana uleule. Tairi la milimita 45 na nafasi ya 6 kila upande linataka milimita 57 kati ya mabomba, na nje yake bado sproketi izunguke bila kugusa. Watengenezaji hulishusha bomba la kulia, au huyarefusha mabomba yote mawili. Mimi nachagua yaliyorefushwa. Kwa baiskeli ya mzigo napendelea milimita 435 hadi 445 kutoka ekseli ya pedali hadi ekseli ya gurudumu. Kwenye fremu yenye mabomba ya 420 baiskeli hugeuka kwa wepesi, lakini ukifunga mikoba ya pembeni, kisigino kitagonga mkoba kila unapokanyaga pedali.

Kusoma namba za tairi

Achana na inchi. Inchi zimewapotezea watu fedha nyingi madukani. Tafuta ubavuni mwa tairi namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 40-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Tairi linaloitwa 700C na lile la 29 la baiskeli za milimani yote ni 622. Linaloitwa 27.5 au 650B ni 584. Lile la 26 la baiskeli ya milimani ni 559, lakini 26 × 1 3/8 la baiskeli za mtumba kutoka Japani ni 590: yote yanaitwa "26", na kipenyo kinatofautiana kwa milimita 31. Phoenix na Raleigh za zamani, zile nyeusi nzito, zinavaa 28 × 1 1/2, yaani 635. Baiskeli ya mtumba kutoka Uholanzi huandikwa 28 pia, ila mara nyingi ni 622. Hapa ndipo hatari ilipo, kwa sababu tairi la 635 linaingia kirahisi kwenye ringi ya 622, linaonekana limekaa, kisha linachomoka likijazwa upepo.

Upana ulioandikwa si lazima uwe upana utakaoupata. Kila ringi inapoongezeka milimita 1 kwa ndani, tairi hutanuka takribani milimita 0.4. Tairi la 40 likivishwa ringi pana linaweza kufika 42. Tairi jipya pia hunyooka likikaa na upepo, kwa hiyo lipime tena baada ya siku nzima, si pale pale dukani. Kwa matairi ya 38 hadi 47, ringi yenye upana wa ndani wa milimita 21 hadi 23 inatosha.

Upana gani?

Kwa kazi nilizozitaja mwanzo, jibu langu ni 40 hadi 45, kwenye fremu inayoruhusu 50. Wengi huogopa kwamba tairi pana ni zito kusukuma. Kwenye lami laini tofauti ni ndogo, na ubora wa nyuzi za tairi una maana zaidi kuliko upana: tairi la 32 lenye tabaka nene gumu linaweza kukuchosha kuliko la 42 lenye ubavu mwembamba unaokunjika. Kwenye vumbi lenye mawimbi mambo hugeuka kabisa. Tairi jembamba lenye upepo mwingi linaruka juu ya kila wimbi, na nguvu yako inaishia kutikisa baiskeli na mwili badala ya kukupeleka mbele. Tairi pana lenye upepo kiasi linameza wimbi na kuendelea.

Kwa mtu wa kilo 75, tairi lenye tyubu, anzia hapa (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo): la 32, psi 55 mbele na 60 nyuma; la 40, 38 na 43; la 45, 32 na 37; la 50, 28 na 32. Ukifunga kilo 15 nyuma, ongeza psi 5 hadi 8 kwenye tairi la nyuma peke yake. Kisha acha tyubu ikufundishe. Ukikuta matundu mawili yaliyo sambamba, tyubu ilibanwa kati ya jiwe na ringi: upepo ulikuwa mdogo. Tundu moja ni mwiba au msumari. Baiskeli ikikuteleza kwenye kona za changarawe na mikono ikafa ganzi, punguza psi 3 uone.

Kuhusu meno ya tairi, katikati pawe laini au na meno mafupi yaliyokaribiana, pembeni meno marefu kidogo. Mchanga hauhitaji meno, unahitaji upana. Kwenye njia za mchanga za pwani hata 45 huzama, na hapo ndipo ile nafasi ya 50 inapolipa. Matope ndiyo yanayotaka meno, tena yaliyoachana ili udongo udondoke.

Miiba ya migunga na mbigili ina dawa mbili. Ya kwanza ni kutotumia tyubu: utepe kwenye ringi, valvu yake, na mililita 60 hadi 90 za maji ya kuziba matundu kwa tairi la 45. Kwenye joto maji hayo hukauka, hivyo fungua ukague kila baada ya miezi miwili. Ya pili ni tyubu nzito yenye maji hayohayo ndani. Anayeishi mbali na duka la vifaa namshauri ya pili bila kusita, kwa sababu fundi yeyote wa kando ya barabara ana viraka na solusheni. Chagua pia ringi yenye tundu la valvu ya gari, milimita 8.5. Upepo utaupata kituo chochote cha mafuta, ila jaza kidogo kidogo.

Je, 584? Watu hubadilisha 622 × 40 kwa 584 × 47 ili wapate hewa zaidi. Piga hesabu kwanza: nusu kipenyo inashuka kutoka milimita 351 hadi 339, kwa hiyo pedali zinasogea chini milimita 12. Kwenye njia yenye makorongo zitagonga. Na tairi la 584 ni gumu kulipata miji mingi, wakati 622 unaweza kuazima hata kutoka baiskeli ya milimani ya 29.

Breki za diski ndizo zinazokuruhusu kubadili ukubwa wa gurudumu. Za kubana ringi zinakufunga kwenye kipenyo kimoja, na zile fupi za baiskeli ya mashindano haziruhusu zaidi ya 28 hivi. Diski za waya zinatengenezeka popote. Ekseli ya pedali iwe ya kufungwa kwa nyuzi za skrubu, kwenye bomba la fremu lenye upana wa milimita 68; ile ya kushindiliwa huanza kulia vumbi likiingia. Kwenye ncha za nyuma za fremu nataka matundu mawili ya M5 (bolti ya milimita 5) kila upande, moja la keria, jingine la madigadi, kwa sababu bolti moja inayobeba vyote hulegea, kisha hukatika ndani ya tundu. Kile kipande kinachoshikilia gia ya nyuma, kama kinafunguka, nunua cha akiba siku ileile unayonunua baiskeli. Kila fremu ina umbo lake.

Kwa mfuko mdogo, usidharau baiskeli ya milimani ya 26 ya miaka ya 1990, ya chuma, yenye uma usio na springi. Inapokea tairi la 50, ina matundu ya keria, habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ina upana wa milimita 135, na ikipasuka inachomelewa. Kabla ya kulipa, legeza bolti ya kiti uzungushe bomba lake: lisipozunguka, limeshikana na fremu kwa kutu. Pitisha kidole ubavuni mwa ringi. Pakiwa na bonde, breki zimeshaila. Kisha geuza baiskeli, futa uchafu na utazame kwa tochi pale mabomba ya chini yanapoungana na ekseli ya pedali. Mstari mwembamba wa kutu unaokatiza rangi hapo ni ufa.