“Fundi, RAM haitoshi”: dhana potofu kuhusu sauti kwenye Linux

Sauti ikianza kukwaruza katikati ya kurekodi, karibu kila prodyuza anayeniletea kompyuta ya Linux hapa Mbeya ameshaamua ugonjwa kabla hajanieleza dalili: RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, haitoshi. Kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole na Mbalizi, kauli ni hiyohiyo, na wengine huja wakiwa wameshaacha hela dukani. Inaniuma, maana hela hiyo ingesogeza mbele ununuzi wa maikrofoni, na tatizo lenyewe hutibiwa kwa mistari miwili ya maandishi.

Kadi ya sauti haisubiri mtu. Ukiweka bufa (fungu la sauti linaloandaliwa kwa mkupuo) ya sampuli 256, yaani vipimo vidogo 256 vya sauti, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 5.3 kadi inadai fungu jipya la sauti. Fungu likichelewa, hata kama prosesa haina kazi kubwa, unasikia mkwaruzo, na mkwaruzo huo umeshaingia kwenye rekodi ya kwaya. Sisi tunauita xrun. Mara nyingi kinacholichelewesha ni zamu. Keneli, yaani kiini cha mfumo, inagawa muda wa prosesa kwa kila programu, na programu yako ya kurekodi, Ardour, inasubiri pamoja na kivinjari chenye tabo kibao na programu inayotafuta masasisho. Ili ipitishwe mbele inahitaji kipaumbele cha wakati halisi, na mtumiaji wa kawaida hawezi kukichukua mpaka mfumo umruhusu. Ongeza RAM hata gigabaiti 32, ruhusa hiyo haiji.

Kwenye Debian na distro (matoleo ya Linux) zilizotokana nayo, ruhusa hukaa katika /etc/security/limits.d/audio.conf:

@audio - rtprio 95
@audio - memlock unlimited

Mstari wa kwanza unawapa kipaumbele walio kwenye kundi la audio. Wa pili unaziruhusu programu zao kufunga kumbukumbu zao ili zisisukumwe kwenye diski, yaani kuilinda RAM ile ile uliyonayo. Kifurushi cha jackd2, programu ya kuendesha sauti, huuliza wakati wa kusakinishwa kama uiwashe ruhusa hii. Jibu lililowekwa tayari ni Hapana, watu wanabonyeza Enter bila kusoma, na faili linabaki limezimwa kwa jina la audio.conf.disabled. Tafadhalini, someni maswali ya vifurushi!

Tiba ni kuandika kwenye terminali sudo dpkg-reconfigure -p high jackd2 (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi), ujibu Ndiyo, kisha sudo usermod -aG audio na jina lako la mtumiaji. Halafu toka kwenye akaunti na uingie upya. Wanaoruka hatua hii ya mwisho ndio wanaorudi kunilalamikia. Pima kwa ulimit -r: ikijibu 0, huna ruhusa, ikijibu 95, unayo. PipeWire, programu inayosambaza sauti ndani ya mfumo, inaweza kupata kipaumbele kupitia RTKit, huduma inayogawa kipaumbele hicho, hata bila faili hilo, ila kwa kiwango cha chini. Distro za wanamuziki kama Ubuntu Studio zina vifurushi vya kupanga mambo haya tangu mwanzo. RAM nyingi ina kazi yake ukipakia maktaba kubwa za ala zilizorekodiwa, na hapo sitakuzuia kununua.

Kuna kauli nyingine pia ninazozisikia. “Basi nifungue Ardour kwa sudo.” Usithubutu. PipeWire inaendeshwa chini ya akaunti yako, kwa hiyo programu ya root (msimamizi wa mfumo) huenda isiione kabisa, na mafaili ya mradi yatabaki mali ya root.

“Bila keneli maalumu huwezi kurekodi kitu.” Uongo. Kwa kwaya na gitaa, keneli ya kawaida yenye preempt=full, mpangilio unaoiruhusu kazi ya haraka kuikatiza nyingine, inatosha. Na tangu toleo la 6.12 la mwaka 2024, PREEMPT_RT, yaani uwezo kamili wa wakati halisi, imo ndani ya keneli kuu yenyewe.

“Nimehariri pipewire.conf, faili la mipangilio, ndani ya /usr/share, sasisho limefuta kila kitu.” Lazima lifute, folda hiyo ni ya kifurushi. Mabadiliko yako yaweke kwenye faili dogo ndani ya /etc/pipewire/pipewire.conf.d/. Mwenye mashine kadhaa, kama wale wa Iringa wanaofundisha vijana kurekodi, namsihi atengeneze kifurushi chake kidogo cha .deb (aina ya kifurushi cha Debian) chenye mafaili hayo. Mashine mpya ikija, anasakinisha mara moja na zote zinafanana.

“Bufa ikiwa ndogo, sauti inakuwa safi zaidi.” Bufa haigusi usafi wa sauti, inagusa ucheleweshaji na nafasi ya prosesa kumaliza kazi. Mwimbaji anayejisikiliza kwenye hedifoni anahitaji bufa ya 128. Wakati wa kuchanganya sauti hakuna anayeimba, kwa hiyo ipe prosesa nafasi: pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024. Ukiweka 0 mahali pa 1024, PipeWire inarudi kujichagulia yenyewe.