Puławy: mali iliyopita mikononi mwa wanawake

Kraków, katika Makumbusho ya Czartoryski, kuna mchoro wa Leonardo da Vinci wa binti aliyempakata kicheche mweupe. Wageni humtazama binti. Mimi siku ya kwanza macho yangu yalikwenda kwenye kona ya juu, kushoto, ambako pana maandishi yaliyoongezwa karne tatu baada ya mchoraji: LA BELE FERONIERE, na chini yake LEONARD D'AWINCI. Kifaransa kimekosewa. Binti mwenyewe siye huyo Belle Ferronnière, ambaye ni mwanamke wa mchoro mwingine, kwa kuwa huyu ni Cecilia Gallerani wa Milano. Na Vinci imeandikwa kwa W, herufi ambayo Mpolandi huitamka V. Wataalamu wengi wanaamini yaliandikwa Puławy, kwenye jumba la bibi wa kimwinyi Izabela Czartoryska, ambaye mwanawe Adam Jerzy aliununua mchoro huo Italia mwishoni mwa karne ya 18 akamletea mama yake. Naipenda sana W ile. Inaonyesha mchoro ulipita mikononi mwa nani.

Kazi yangu ni historia ya mabibi wa kimwinyi wa Polandi, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: walipataje nguvu, ilhali hawakuwa na kura? Wengi hujibu kwa kutaja uzuri wao na minong'ono ya vyumbani. Jibu hilo silikubali. Ukitaka kuwaelewa, anza na sheria ya mali.

Mwanamke hakuruhusiwa kuketi katika Sejm, yaani bunge, wala katika sejmik, mikutano ya mamwinyi ya wilayani. Lakini kuolewa hakukumnyang'anya mali yake. Alitoka kwao na posag, fungu lake katika mali ya wazazi. Mume alilazimika kuliwekea dhamana kwenye mashamba yake, na kwa desturi aliongeza kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake, nacho kikaitwa wiano. Tukisema yote ni mahari tutachanganya mambo: posag hutoka kwa baba wa binti. Wiano ndiyo inayokaribia mahari anayoijua msomaji wa Lamu au Unguja, kwa maana ya kitu kinachotoka kwa mume na kuwa haki ya mke. Yote yaliandikishwa katika vitabu vya mahakama. Mume akitangulia, mjane mara nyingi alikuwa na haki ya kuyatumia mashamba ya mumewe hadi kufa.

Sasa mfikirie mjane mwenye vijiji na miji kadhaa. Chini yake wapo mamwinyi wadogo waliopanga ardhi yake, wasimamizi wake, wadeni wake. Hao wote ni wanaume, na wana kura katika sejmik. Bibi hakuhitaji kuingia mkutanoni.

Elżbieta Sieniawska, aliyefariki 1729, aliijua hesabu hiyo kuliko yeyote. Wakati wa vita vya Urusi na Uswidi alijadiliana na wafalme na wakuu kama mtu mwenye nchi yake. Mwaka 1720 aliununua Wilanów, jumba lililokuwa la Mfalme Jan Sobieski, kwa jina lake mwenyewe. Puławy ilikuwa urithi wake kutoka kwa baba, Lubomirski. Mtoto wake pekee, Maria Zofia, alirithi vyote, na mwaka 1731, akiwa mjane anayewaniwa na vijana wa koo kubwa, aliolewa na August Czartoryski. Ukoo wa Czartoryski uliokuja kuitikisa siasa ya Polandi ulisimama juu ya mali ya mwanamke huyu. Vitabu vingi humtaja kwa sentensi moja, kisha vinaendelea na mumewe.

Izabela alikuwa mkwe wa Maria Zofia. Alizaliwa 1746, akaolewa 1761 akiwa na miaka 15. Mwaka 1786, uwanjani Puławy, ulichezwa mchezo wa kuimba wa Franciszek Kniaźnin kuhusu mama wa Sparta anayewatuma wanawe vitani. Izabela mwenyewe alicheza mama huyo, na watoto wake walikuwa jukwaani. Nchi ilikuwa imeshamegwa mara moja na majirani zake, Urusi, Prussia na Austria, 1772, na waliokaa kutazama walielewa ni Sparta ipi iliyozungumzwa.

Mmego wa mwisho ulikuja 1795. Majeshi ya Urusi yalikuwa yameiharibu Puławy mwaka mmoja kabla, na ili familia irudishiwe mashamba, wana wawili walipelekwa St Petersburg, kwenye jumba la Ekaterina II, malkia wa Urusi, wakawa kama rehani. Izabela akarudi kujenga. Mwaka 1801 alifungua Hekalu la Sibyla, nyumba ya duara juu ya ukingo, na mlangoni pakaandikwa: Yaliyopita kwa ajili ya Yajayo. Ndani aliweka silaha, bendera na vitu vya wafalme wa nchi ambayo haikuwamo tena kwenye ramani. Hiyo ndiyo makumbusho ya kwanza ya Polandi. Mwaka 1809 akaongeza Nyumba ya Kigothi, na humo ndimo alimokaa binti wa kicheche.

Nisilifiche jambo moja: fedha ya kazi hiyo ilitoka kwenye jasho la wakulima waliofungwa kwenye ardhi, wakimfanyia bwana kazi siku kadhaa kila wiki bila ujira. Izabela aliwafungulia watoto wao shule, na 1818 akaandika kitabu cha historia kwa ajili yao, mzee msafiri akiwasimulia wanakijiji habari za wafalme. Nakiheshimu kitabu hicho. Lakini hakikuwafungua.

Uasi dhidi ya Urusi ulipozuka Novemba 1830, Adam Jerzy akawa kiongozi wa serikali ya taifa. Puławy ikashambuliwa 1831, na mmoja wa makamanda wa jeshi la Urusi alikuwa Adam wa Württemberg, mjukuu wa Izabela kwa binti yake Maria. Bibi alikuwa na miaka 85. Puławy ilitaifishwa, baadaye Warusi wakaibadili hata jina. Izabela alivuka kwenda upande wa Austria na kufia Wysock mwaka 1835, asiione tena.

Binti wa kicheche aliokolewa. Kabla ya kupelekwa Paris alifichwa Sieniawa, upande huohuo wa Austria, katika jumba jingine la familia. Sieniawa nayo iliingia kwa akina Czartoryski kwa harusi ile ya 1731, ikiwa ndani ya urithi wa Maria Zofia.