Je, wajua kwa nini Linux ndogo hudai haimjui root, yaani mtumiaji mkuu, ilhali jina lake limo kwenye faili?

Mhandisi anayeunda Linux ndogo ya kuendesha ruta, kamera ya ulinzi au kifaa cha kupimia umeme hubana kila kilobaiti, kwa kuwa kumbukumbu ya flashi ya vifaa vya aina hii mara nyingi ni ya megabaiti chache tu. Anapokiwasha kifaa, kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaamka vizuri na sheli ya bash, yaani programu ya kupokea amri, inafunguka, lakini mahali ambapo jina la mtumiaji lingepaswa kuonekana panatokea maneno "I have no name!", yaani "Sina jina!". Anaandika amri ya whoami na kujibiwa kwamba mtumiaji nambari 0 hana jina. Anafungua faili la /etc/passwd, lenye orodha ya watumiaji, na kulikuta jina la root katika mstari wa kwanza kabisa, likiwa na sehemu zake zote 7 zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Je, mfumo unashindwaje kuona jina lililoandikwa waziwazi namna hiyo?

Jibu linaanzia kwenye kerneli yenyewe, ambayo haijui majina. Kwake mtumiaji ni nambari tu, na ruhusa zote za kusoma, kuandika na kuendesha hupimwa kwa nambari hizo. Kazi ya kuigeuza nambari 0 kuwa root ni ya maktaba ya C (mkusanyiko wa msimbo unaotumiwa na programu nyingi), ambayo programu huiomba kupitia vitendaji kama getpwuid na getpwnam, na hapo ndipo maktaba zinapotofautiana. Maktaba ya musl, kwa mfano, huanza kwa kusoma /etc/passwd moja kwa moja. Maktaba ya glibc, iliyoenea zaidi kwenye kompyuta za kawaida, hupitia mpango uitwao NSS (Name Service Switch), uliobuniwa kwa kufuata mfano wa Solaris 2 ya Sun Microsystems. Mpango huo una sababu nzuri ya kuwapo: katika vyuo na taasisi kubwa orodha ya watumiaji haikai kwenye kila kompyuta, bali hutunzwa kwenye seva ya NIS au LDAP, na haingefaa kila programu iandikwe upya kila orodha inapohamishwa. Kwa hiyo glibc husoma kwanza faili la /etc/nsswitch.conf, na ikikuta mstari wa "passwd: files", hupakia kipande kingine cha maktaba, libnss_files.so.2, ambacho ndicho kinachojua kulisoma faili la /etc/passwd.

Kipande hicho hutafutwa wakati programu tayari inaendeshwa, wala hakiandikwi miongoni mwa maktaba ambazo programu inazitegemea. Mtu anayepunguza mfumo kwa kawaida hutumia amri ya ldd kujua ni maktaba zipi anakili na zipi aache. Ldd haitaji libnss_files hata kidogo, kwa hiyo naye anaiacha nyuma kwa nia njema. Hata programu iliyofungiwa maktaba zake zote ndani yake haikusalimika katika matoleo ya zamani: kiunganishi hutoa onyo kwamba getpwnam itahitaji maktaba za pamoja za toleo lilelile la glibc wakati wa kuendeshwa, na onyo hilo hupotea kwa urahisi katikati ya mamia ya mistari ya ujenzi.

Kinachowapotosha watu zaidi, kwa maoni yangu, ni ujumbe wa kosa. Kitendaji cha getpwuid hurudisha jibu tupu iwapo mtumiaji hayupo, na hurudisha jibu tupu vilevile iwapo njia ya kumtafuta imekatika. Programu nyingi hazichunguzi tofauti hiyo. Seva ya sshd, inayowaruhusu watu kuingia kwenye kifaa kutoka mbali, hulalamika kwamba mtumiaji aitwaye sshd hayupo, na msimamizi wa mfumo hutumia muda mrefu akihariri faili ambalo halina kasoro yoyote.

Njia ya kuutenga ukweli ni fupi. Amri ya "grep ^root: /etc/passwd" hulisoma faili bila kupitia NSS, ilhali "getent passwd root" hupitia njia ileile inayotumiwa na programu nyingine. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikanyamaza, faili ni zima na tatizo liko njiani. Baada ya hapo "strace id" huonyesha kila faili linaloombwa: mstari wa openat wenye jina /lib/libnss_files.so.2 unaoishia na ENOENT (faili halikupatikana) una maana kwamba kipande hicho hakipo mahali kilipotafutwa. Ikiwa kinafunguliwa lakini /etc/passwd haiguswi baadaye, inafaa kushuku kwamba kipande kimenakiliwa kutoka toleo jingine la glibc, au kutoka kompyuta yenye prosesa ya aina nyingine.

BusyBox, programu moja ndogo inayokusanya amri nyingi za kawaida, huweza kuongeza utata. Ina chaguo la ujenzi liitwalo USE_BB_PWD_GRP, ambalo likiwashwa huifanya isome /etc/passwd yenyewe bila NSS. Hivyo amri ya id ya BusyBox itasema root bila shida, huku bash au sshd kwenye kifaa hichohicho zikikana. Anayepima kwa amri ya BusyBox peke yake atahitimisha kwamba kila kitu ni sawa.

Tangu toleo la 2.34, lililotolewa Agosti 2021, glibc imekiingiza kipande cha files ndani ya maktaba kuu, na hitilafu hii imeondolewa kwenye chanzo chake kwa watumiaji wa orodha ya kawaida. Njia za LDAP na nyinginezo bado hupakiwa kutoka nje, na vifaa vinavyotumia matoleo ya awali vitaendelea kuhitaji libnss_files.

Mara nyingine maktaba ipo na ni sahihi, lakini ni root tu anayeonekana kuwa na jina, huku watumiaji wengine wote wakiambiwa hawana. Hapo chunguza ruhusa. Picha ya mfumo, yaani faili lenye mfumo mzima linalochomwa kwenye kifaa, ikijengwa na mtu ambaye umask yake (mpangilio unaoondoa ruhusa kwenye mafaili mapya) ni 077, faili la /etc/passwd hutoka likiwa halisomeki na yeyote isipokuwa root, ambaye kerneli haimzuii. Amri ya "chmod 644 /etc/passwd" hulitatua hilo kwenye kifaa chenyewe. Kwenye mfumo ambao diski yake ni ya kusoma tu, marekebisho lazima yafanywe kwenye picha kabla ya kuichoma upya. Ni vyema pia kuangalia ruhusa za saraka ya /etc na ya /lib, kwa kuwa umask ileile iliyoliharibu faili moja huwa imezipitia na hizo.