Marathoni ya mlimani: dakika ulizopoteza ukipanda hazirudi ukishuka

Mkimbiaji mgeni akijiunga nasi mazoezini hapa Nakuru, swali huwa lile lile: "Kocha, kilomita moja niikimbie kwa dakika ngapi?" Barabara ikiwa tambarare, swali hilo lina jibu. Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni ya 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023, nusu ya kwanza ilimchukua dakika 60 na sekunde 48, ya pili dakika 59 na sekunde 47, karibu sawa. Lakini ukigeuka kupanda Menengai, mlima wa volkano hapa Nakuru, ambako ukingo wa kreta unafika mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, hesabu ya aina hiyo haikufikishi mbali.

Chukua mwinuko wa asilimia 10: kila mita 100 unapanda 10. Mwili hutumia nguvu kama mara 1.7 ya zile za tambarare, kwa hiyo mtu wa dakika 6 kwa kilomita, akijikaza vile vile, atatumia karibu dakika 10. "Si nitafidia nikishuka?" Hufidii. Mteremko kama huo hupunguza nguvu kwa takriban asilimia 40 tu, na miguu haiwezi kuutumia unafuu wote huo bila kuumia. Panda kilomita 4 kwa dakika 40, shuka 4 kwa dakika 21, jumla ni 61. Tambarare ungetumia 48. Hizo dakika 13 zipangie ukiwa nyumbani, usije ukazifukuza njiani.

Kupanda, fuata pumzi, saa iache. Ukiweza kusema sentensi nzima, endelea. Ikikatika katikati, tembea. Ndiyo, tembea, hatua fupi, mikono kwenye mapaja. Vijana huona haya, hasa watu wa kando wakipiga kelele "songa, songa!" Anayepiga kelele hapandi.

Wanaotoka Kisumu wajipunguzie kasi zaidi. Mji wao uko kwenye mita 1,130 hivi. Vilima vya Riat, karibu na mji huo, vinawajenga miguu vizuri sana, ila ukingo wa Menengai uko zaidi ya mita 1,100 juu ya mjini kwao, na hewa ya huku ni nyepesi.

Mteremko ndio unaomaliza watu. Misuli ya mbele ya mapaja hurefuka huku imebeba uzito, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Chini ya mlima utajiona mzima, kumbe kilomita ya 32 miguu itagoma hata kwenye tambarare. Piga hatua fupi za haraka, mguu utue chini ya kiwiliwili, na usiegemee nyuma kama mtu anayevutwa na ng'ombe. Zoezi la kushuka lifanye wiki 2 au 3 kabla ya mbio. Utaumwa, hasa siku ya pili, lakini maumivu yakiisha misuli hubaki na kinga kwa wiki kadhaa. Wiki ya mwisho mteremko usiuguse.

Chakula ni wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 27. Kula kabla mwinuko haujaanza, maana anayehema hatafuni. Wakimbiaji wangu huandika mkononi mwinuko unapoanzia, unapoishia na pa kulia, kwa kalamu ya wino usiofutika na jasho.