Utando juu ya maji ya tangi la samaki

Washa taa ya tangi, inama, kisha utazame uso wa maji kwa ubavu. Kama utando upo utauona: ukungu mweupe au rangi za upinde wa mvua, na juu yake makombo ya chakula yamenata, hayasogei.

Wengi wanaoniuliza habari zake huwa wameshabadilisha maji na haukuondoka. Si ajabu. Mpira wa kunyonyea maji hufanya kazi chini, kwenye changarawe. Maji yakipungua utando hushuka nayo, na ukijaza mapya unapanda tena salama salimini.

Kilichopo pale ni mafuta na protini kutoka kwenye chakula, kinyesi na majani yanayooza, pamoja na bakteria wanaojilia humo. Mkono wenye losheni nao huchangia. Ukitaka kujua unachoshughulika nacho, pitisha kijiti juu ya maji. Utando wa bakteria hukatika vipande vipande vikabaki vimeachana. Mafuta matupu hurudi kuungana papo hapo. Ukikuta mafuta, kagua chakula na mikono kwanza.

Kuuondoa ni rahisi. Zima chujio maji yatulie, kisha laza juu yake karatasi ya jikoni isiyo na rangi wala manukato, iburute taratibu mpaka upande wa pili, uinyanyue. Rudia kwa karatasi nyingine. Mimi napendelea kikombe: kishikilie wima, kizamishe mpaka ukingo wake uwe chini ya uso wa maji kidogo tu, kama unene wa kucha, na utando wenyewe utakimbilia ndani. Maji unayochota hivyo yahesabu katika yale uliyokusudia kubadilisha.

Ila kesho utando utarudi, iwapo uso wa maji bado umelala. Elekeza mdomo wa chujio juu kidogo hadi uone viwimbi, au weka pampu ya hewa. Hili si suala la urembo tu: utando mzito hupunguza oksijeni inayoingia majini, na samaki wanaohema juu alfajiri wanakwambia hivyo. (Beta na gurami wamo kando, wao huvuta hewa juu kwa maumbile yao, na mkondo mkali unawachosha.) Mwenye mimea anayeingiza kaboni dioksaidi ataipoteza akitibua maji mchana kutwa, kwa hiyo pampu ya hewa aiwashe usiku taa zikizimwa.

Punguza na chakula. Dawa za kuua bakteria siziungi mkono kabisa, maana bakteria wanaosafisha maji ndani ya chujio nao wanaweza kufa. Tangi likiwa jipya, utando wa wiki za mwanzo mara nyingi hupungua wenyewe. Moli na gapi huudonoa, lakini usinunue samaki kwa ajili ya kazi ambayo kikombe kinaiweza.