Hivi kwa nini goli la basketi liko juu vile?

Michezo mingi ya mpira goli lake liko chini, soka chini, magongo chini, handiboli chini, halafu inakuja basketi na kile kiringi chake kimelala futi 10 juu kinaangalia dari. Mimi nilidhani ni mambo ya watu warefu kujipendelea, kumbe chanzo ni wanafunzi watukutu wa chuo huko Springfield, Massachusetts, Desemba 1891.

Miaka ile vyuo vya Marekani vilishapagawa na michezo. Kabla ya baridi vijana wanapigana vikumbo kwenye futiboli yao ile inayofanana na raga, theluji ikiyeyuka wanatoka na besiboli. Shida ilikuwa hapo katikati, miezi ya baridi kali, wamefungiwa jimu wanafanyishwa viungo, nyoosha mkono, inua mguu, kwata kama jeshini. Kwenye chuo cha YMCA pale Springfield kulikuwa na darasa la watu 18 ambalo limechoka na habari hiyo kabisa, walimu wawili walishalishindwa, basi bosi wao Luther Gulick akamtwika mzigo mwalimu kijana kutoka Kanada, James Naismith, siku 14 uwe umeleta mchezo mpya wa ndani.

Jamaa akajaribu kwanza kuingiza ndani michezo ya nje. Futiboli ikashindikana, soka ikashindikana, na lakrosi, ile ya fimbo zenye wavu, wee acha tu, watu walitoka na majeraha. Ndipo akakaa akajiuliza hivi fujo inatoka wapi. Akaona ukikimbia na mpira lazima mtu akurukie akuangushe, kwa hiyo marufuku kukimbia nao, ukiudaka unasimama unapasia mwenzio. Halafu goli, likiwa limesimama kama la soka kila mtu ataubamiza mpira kwa nguvu zake zote. Akakumbuka mchezo wa utotoni kwao, mnaweka jiwe dogo juu ya jiwe kubwa mnalilenga kwa mawe mengine, na aliyerusha taratibu kwa kupindisha juu mara nyingi ndiye alifanikiwa, siyo mwenye misuli. Basi, goli alilaze na alipandishe kupita vichwa vya watu, hapo nguvu hazikusaidii kitu, unabembeleza mpira.

Akamwomba mtunza jengo maboksi mawili, hayapo, akaletewa matenga mawili ya pichesi (kwa haki kabisa mchezo ulipaswa kuitwa mpira wa tenga). Akayagongelea misumari kwenye roshani ya jimu, na roshani ile ilikuwa futi 10 kutoka sakafuni, kwa hiyo ule urefu unaowatesa watu mpaka leo haukupigiwa hesabu yoyote, ingekuwa futi 7 hata mimi ningedanki. Wakagawanyika tisa kwa tisa, mpira wenyewe wa soka, mechi ikaisha 1-0. Na matenga yalikuwa na vitako vyake, ukifunga mpira unabaki humo humo, mtu apande ngazi akautoe!

Wasichana hawakukawia. Mwaka 1892 mwalimu Senda Berenson akaupeleka Smith College, chuo cha wanawake hapo jirani Northampton, akaugawa uwanja sehemu tatu ili kila mtu abaki kwenye eneo lake. Basketi ilipovuka kwenda Uingereza miaka hiyo hiyo ya 1890, kina dada wa kule wakaigeuza ikawa netiboli, yaani mpira wetu wa pete, ndiyo maana kwenye pete hadi leo ukidaka mpira unaganda, ile sheria ya Naismith imebaki huko wakati wenye basketi walishaanza kudundisha zamani.

Ule ubao wa nyuma ya ringi nao ni matunda ya utukutu, ila huu wa mashabiki. Walikuwa wanakaa kule kule roshani lilipofungwa tenga, mpira wa wapinzani ukija wanaupangua kwa mikono, ikabidi wawekewe kizuizi.