Je, wajua kwa nini dawa ya kansa hutafutwa kwenye sifongo wa baharini?

Ukimwona sifongo chini ya bahari amejibandika kwenye mwamba utadhani ni jani au uchafu tu, kumbe ni mnyama kabisa. (Na usimchanganye na dodoki la kuogea, lile ni tunda la mmea unaotambaa, bahari halijui.) Hana miguu, hana macho, hana gamba, kazi yake ni kuvuta maji, kuchuja chakula na kuyatoa, basi. Sasa mnyama wa hivyo mbona samaki hawajammaliza zamani?

Sumu ndo inamlinda. Na mara nyingi hata hapiki mwenyewe, anapikiwa na bakteria waliojaa mwilini mwake. Tena lazima iwe kali kwelikweli maana iko majini, ikivuja kidogo tu inazimuliwa na bahari nzima. Ukali huo ndo unawavutia watu wa dawa, sababu kitu kinachoua seli kwa kiasi kidogo hivyo ukijua kukipima unaweza kukielekeza kwenye kansa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Werner Bergmann alieleza kemikali za ajabu alizozikuta kwa sifongo wa Florida, zinafanana na vipande vya DNA (ile kemikali inayobeba urithi ndani ya seli) ila sukari yake ni nyingine. Wenzake wakaiga mtindo huo, ikaja sitarabini, dawa ya kansa ya damu iliyoruhusiwa Marekani 1969 na mpaka leo wagonjwa wanachomwa.

Ila mimi stori inayonimaliza ni ya Japani. Mwaka 1986 wakemia Hirata na Uemura walitangaza kemikali iitwayo halikondrini B, wameitoa kwa sifongo mweusi wa kule kwao, na kwenye maabara ilikuwa inaua seli za kansa vibaya mno. Tatizo? Walisaga sifongo kilo 600, yaani kama magunia sita ya mahindi, wakapata miligramu 12.5. Punje moja ya mchele ni nzito kuliko hiyo! New Zealand nako baadaye wakavua tani nzima ya sifongo wa aina nyingine, wakaambulia miligramu 300 hivi. Hapo ungetaka kutibu watu kwa kuvua ungemaliza bahari na wagonjwa bado wamepanga foleni.

Aliyefungua njia ni mkemia Yoshito Kishi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, 1992 akaijenga molekuli yote maabara kutoka mwanzo, na ni dubwana kweli. Halafu walipojaribu vipande vyake wakagundua kumbe nusu moja tu ndo inafanya kazi, ile nyingine ni mzigo! Wakaikata, wakairekebisha, ikawa eribulini, ambayo hata hivyo kuitengeneza ni hatua zaidi ya 60. Ndani ya seli inaenda kung'ang'ania ncha za zile nyuzi zinazovuta kromosomu (vifurushi vya DNA) wakati seli inagawanyika, nyuzi hazirefuki tena, seli inakwama katikati ya kugawanyika mpaka inakufa.

Marekani waliiruhusu 2010 kwa kansa ya matiti iliyosambaa. Inatoka kiwandani tupu, hakuna sifongo anayesagwa tena.